Gia Moja Iliyobaki: Maisha ya Ayrton Senna

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa heri kufa macho kuliko kufa moyo. Methali hii nimeiandikia insha mara mbili tangu nijiunge na shule hii, na mara zote mbili nilipata alama za kuridhisha. Lakini ukweli ni kwamba sikuwa nimeielewa. Nilikuja kuielewa mwaka huu, tena si darasani, bali katika gereji ya jua kali, nikiwa nimekalia tairi kuukuu na suruali yangu ya sare imejaa grisi magotini.

Msomaji mpenzi, makala haya ni ya maisha ya Ayrton Senna, dereva wa magari ya mashindano kutoka nchi ya Brazili, aliyefariki mwaka 1994, miaka mingi kabla ya mimi kuzaliwa. Huenda ukajiuliza, kijana wa kidato cha tatu katika shule ya kutwa amemjulia wapi mtu kama huyo? Ebu vumilia kidogo. Kabla hatujavuka bahari kwenda Brazili, niruhusu nikupitishe kwanza kwenye barabara yetu ya hapa nyumbani.

Baba yangu ni dereva wa matatu. Gari lenyewe alilinunua likiwa kuukuu, kwa mkopo wa chama chao cha akiba, na deni bado linaendelea kulipwa. Kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wa kutwa, kila asubuhi hutoka naye kabla jua halijachomoza, nikikaa kiti cha mbele. Mwanzoni mwa muhula wa pili nilianza kuona jambo. Tukipanda kile kilima cha kuingia mjini, baba akishatia gia ya tatu, mara kwaa! Mkono wa gia unaruka wenyewe na kurudi nyutro, injini inapiga kelele kama mbuzi aliyekanyagwa, na gari linaishiwa nguvu. Baba akaanza kuishikilia ile gia kwa mkono wa kushoto huku akiendesha kwa mkono wa kulia. Mbele ya abiria hakusema lolote. Lakini usiku nilimsikia akitembea sebuleni. Giaboksi si kitu cha mchezo. Giaboksi ikifa, gari linalala. Gari likilala, deni halilipwi, na karo yangu vilevile hailipwi. Nilijua hesabu hiyo hata bila kuambiwa.

Jumamosi moja tulimpelekea fundi gari. Katika ukuta wa mabati wa gereji yake kulikuwa na picha iliyofifia, iliyokatwa kutoka kwenye gazeti la zamani. Ilikuwa picha ya mtu aliyevaa kofia ya njano yenye mistari ya kijani na buluu. Nikamuuliza fundi huyo ni nani. Akacheka, akasema kuwa huyo ndiye mtu aliyeshinda mashindano ya dunia akiwa na gia moja tu. Sikumwamini. Nilidhani ni porojo za gereji. Basi nikaenda kumtafuta mtu huyo kwenye vitabu na katika kompyuta ya mjini, nikamwuliza na mwalimu wetu wa fizikia pia. Kumbe fundi hakuwa mbali na ukweli hata kidogo.

Utoto wake

Ayrton Senna da Silva alizaliwa tarehe 21 Machi 1960 katika jiji la São Paulo. Baba yake, Milton da Silva, alikuwa mfanyabiashara mwenye kiwanda na mashamba. Mama yake aliitwa Neide Senna. Ayrton alikuwa mtoto wa kati. Alikuwa na dada mkubwa, Viviane, na mdogo wake wa kiume, Leonardo. Siwezi kusema kuwa alizaliwa katika umaskini, kwa maana hiyo haitakuwa kweli. Kwao walikuwa nacho. Lakini mali haikumwondolea shida zote, kwani akiwa na umri wa miaka 3 alikuwa mzito wa viungo, akijikwaa kila mara na kushindwa kupanda ngazi vizuri. Wazazi wake waliingiwa na wasiwasi hata wakampeleka kupimwa kichwa. Madaktari hawakuona ugonjwa wowote.

Alipofika miaka 4, baba yake alimtengenezea gokati, yaani kigari kidogo cha mbio, akakitia injini ya mashine ya kukatia nyasi. Hapo ndipo kijana aliyekuwa akianguka kwenye ngazi alipokuwa mtu mwingine kabisa. Akiwa ndani ya kigari, mikono na miguu ilimtii. Akiwa na umri wa miaka 7 alikuwa akiendesha jipu katika shamba la familia, na inasemekana alijifunza kubadilisha gia bila kukanyaga klachi. Msomaji, ikiwa umewahi kuona mtu akijaribu hilo, unajua kuwa asiyejua husaga meno ya gia mpaka yakalia. Anayejua husikiliza. Husikiliza mlio wa injini, akingojea ile nukta moja ambapo magurudumu ya gia yanazunguka kwa mwendo unaolingana, ndipo anapoitia gia nayo ikaingia kama kisu kwenye siagi. Mtoto wa miaka 7 alikuwa tayari amejua kusikiliza chuma.

Mashindano yake ya kwanza ya gokati aliyafanya mwaka 1973, akiwa na miaka 13, kwa sababu sheria ya kwao haikuruhusu mtoto mdogo zaidi. Yalifanyika Interlagos, katika jiji lake la São Paulo. Likumbuke jina hilo la Interlagos, kwa maana tutalirudia. Mwaka 1977 akawa bingwa wa Amerika ya Kusini. Mwaka 1979 na 1980 alimaliza wa pili katika ubingwa wa dunia wa gokati. Ubingwa huo hakuupata kamwe, na jambo hilo lilimkera kwa miaka mingi.

Safari ya Uingereza

Mwaka 1981 alisafiri kwenda Uingereza kushindana katika magari madogo ya Formula Ford. Huko kulikuwa na baridi, lugha ilikuwa ngeni, na chakula hakikuwa cha kwao. Hata hivyo alishinda. Ajabu ni kwamba mwisho wa mwaka huo huo alitangaza kuwa anaacha mashindano na kurudi nyumbani, kwani wazazi walitaka asaidie katika biashara ya familia. Alirudi kweli. Lakini moyo hausemezwi. Miezi michache baadaye, mwaka 1982, alikuwa Uingereza tena. Tangu wakati huo akatumia jina la mama yake, Senna, kwa sababu da Silva ni jina la watu wengi mno kule Brazili, kama vile hapa kwetu unavyoweza kumwita Otieno au Kamau sokoni wakageuka watu kumi.

Mwaka 1983 alishinda mbio 9 za mwanzo mfululizo katika ubingwa wa Formula Three wa Uingereza, na akautwaa ubingwa wenyewe. Sasa milango ya Formula One, ile michezo ambayo magazeti yetu huiita langalanga, ikafunguka.

Alianza mwaka 1984 katika timu ndogo iliyoitwa Toleman. Alama yake ya kwanza kabisa aliipata katika bara letu la Afrika, huko Kyalami, Afrika Kusini, alipomaliza wa sita. Lakini joto na kazi ya usukani vilimmaliza nguvu. Alitambua kwamba kipaji bila mwili wenye nguvu ni sawa na injini kubwa iliyotiwa katika gari lenye magurudumu mabovu, akaanza kufanya mazoezi makali ya kukimbia na ya pumzi. Mwaka huo huo huko Monaco, mvua ikinyesha kama ya masika, alianza katika nafasi ya 13 akawapita madereva mmoja baada ya mwingine hadi akawa wa pili. Alikuwa anamkaribia Alain Prost wa Ufaransa aliyekuwa wa kwanza, mara mashindano yakasimamishwa kwa sababu ya mvua. Hakushinda, lakini dunia ilikuwa imemwona.

Mwaka 1985 akahamia Lotus, na mwezi wa Aprili akapata ushindi wake wa kwanza huko Estoril, Ureno, tena katika mvua. Mwaka 1988 akaingia timu ya McLaren yenye injini za Honda, pamoja na yuleyule Prost. Mwaka huo timu yao ilishinda mbio 15 kati ya 16. Senna alishinda 8, Prost 7. Senna akawa bingwa wa dunia kwa mara ya kwanza.

Fahali wawili zizi moja

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Senna na Prost walikosana mpaka wakawa hawasemezani. Mwaka 1989 huko Suzuka, Japani, magari yao yaligongana. Senna aliendelea akamaliza wa kwanza, lakini akanyang'anywa ushindi huo, na Prost akawa bingwa. Mwaka 1990, wakiwa timu tofauti, waligongana tena palepale Suzuka katika kona ya kwanza, wote wawili wakatoka nje, na kwa sababu ya hesabu ya alama Senna akawa bingwa. Mwaka uliofuata Senna mwenyewe alikiri kuwa hakukusudia kumpisha mwenzake.

Hapa sitaki kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi ninampenda Senna, lakini kitendo hicho hakikuwa kizuri. Magari yale yalikuwa katika mwendo wa kasi ya kutisha na lolote lingeweza kutokea. Nilipomsimulia baba, alitikisa kichwa tu. Baba hawapendi madereva wa namna hiyo, maana hukutana nao barabarani kila siku.

Mkosi wa nyumbani

Sasa turudi kwenye giaboksi, maana ndiyo iliyonileta hapa.

Pamoja na sifa zake zote, Senna alikuwa na donda moja. Hakuwa amewahi kushinda mashindano ya nchi yake mwenyewe. Alijaribu kuanzia mwaka 1984 hadi 1990, mara saba, na mara zote saba ushindi ulimponyoka. Mara injini, mara umeme, mara kugongwa. Mwaka 1988 ndio ulioniuma zaidi niliposoma. Alikuwa na nafasi ya mbele kabisa kwenye mstari wa kuanzia, gari lake ni bora kuliko yote, kisha kifaa cha kuchagulia gia kikaharibika kabla hata mbio hazijaanza. Akabadilisha gari, akaanzia nyuma ya watu wote, akawapita wengi sana, halafu akaonyeshwa bendera nyeusi ya kufukuzwa kwa sababu kanuni hazikuruhusu kubadilisha gari wakati ule. Mwaka 1990 alikuwa akiongoza Interlagos, akagongana na dereva aliyekuwa nyuma kwa mzunguko mzima, akaambulia nafasi ya tatu.

Sasa fikiria tarehe 24 Machi 1991. Siku tatu zilikuwa zimepita tangu atimize miaka 31. Interlagos imejaa watu wa kwao, wenye bendera za njano na kijani. Mashindano ni mizunguko 71 katika barabara ya kilomita 4.325, yaani zaidi ya kilomita 300 kwa jumla. Senna anaanza wa kwanza.

Ili uelewe yaliyotokea, kumbuka somo la fizikia. Ndani ya giaboksi mna magurudumu ya meno, makubwa na madogo. Gia ya chini hulipa gari nguvu nyingi na mwendo mdogo. Gia ya juu hulipa mwendo mwingi na nguvu kidogo. Ndiyo sababu huwezi kuondoka kituoni kwa gia ya juu. Gari litatetemeka na kuzima. Tena gia ya chini husaidia kulizuia gari unapoingia kwenye kona, kwani injini yenyewe hulivuta nyuma. Gari la Senna, McLaren MP4/6, lilikuwa na injini ya silinda 12 na gia 6 za kubadilishwa kwa mkono, kama matatu ya baba. Wapinzani wake wa Williams walikuwa na mtambo mpya, ambapo dereva hubadilisha gia kwa vidole vyake bila kuachilia usukani. Mtambo huo ulikuwa na kasi, lakini bado ulikuwa mchanga, na kitu kichanga kina maradhi yake.

Nigel Mansell, Mwingereza wa timu ya Williams, alimfukuza Senna kama mwewe anavyokifukuza kifaranga. Senna alikuwa mbele, lakini moyoni hakuwa na raha, kwa sababu gia ya nne ilikuwa imempotea. Akiitafuta, haipo. Hakujua kama zile zilizobaki zitamfikisha. Basi mizunguko ikiwa imebaki kama 11 hivi, maradhi niliyoyataja yakampata Mansell. Giaboksi yake ikagoma, gari likazunguka, akaishia hapo. Watu wakashangilia wakidhani mambo yamekwisha.

Wapi! Kwa Senna mambo ndiyo kwanza yanaanza. Kama alivyoeleza mwenyewe baadaye, gia nyingine nazo zikaanza kumtoroka moja baada ya nyingine, mpaka katika mizunguko ya mwisho akabaki na ya sita peke yake. Gia ya juu kabisa! Riccardo Patrese wa Italia, aliyekuwa wa pili, akaanza kukaribia. Pengo likayeyuka kama mshumaa.

Nilipoitazama filamu ya siku ile nilijikuta nimeushika mkono wa kiti. Interlagos ina kona nyingi za taratibu, ambapo dereva mwenye gari zima hushuka mpaka gia za chini. Senna hakuwa nazo. Akiingia konani, injini haimsaidii kupunguza mwendo. Kazi yote ni ya breki na mikono yake. Akiwa katikati ya kona, injini inakaribia kuzima, ikakohoa kama mzee mwenye pumu. Akizimika, basi. Akitoka, gari halina nguvu ya kuondoka. Na baada ya kona ya mwisho kuna mlima mrefu wa kupanda mpaka kwenye mstari wa kumalizia. Nilipouona ule mlima nikakumbuka kile kilima chetu na mkono wa baba ukiishikilia gia. Halafu, kama kwamba hayo hayatoshi, mvua ikaanza kunyesha.

Gari lisipokuwa na nguvu, mwili wa dereva ndio unaolipa. Mabega yakamkaza, mikono ikakamaa. Lakini aliendelea, mzunguko kwa mzunguko, akilibeba gari badala ya gari kumbeba yeye. Akavuka mstari akiwa mbele ya Patrese kwa muda usiofika sekunde 3. Baada ya mbio za saa moja na dakika 38, sekunde zisizofika 3!

Alipiga mayowe ndani ya kofia mpaka sauti yake ikasikika kwenye redio ya timu, mayowe ya furaha yaliyochanganyika na maumivu. Gari likasimama barabarani. Watu walimsaidia kutoka kwa sababu hakuweza kujitoa mwenyewe. Jukwaani alipokabidhiwa kombe, mikono haikuinuka. Alilijaribu mara ya kwanza likamshinda, kisha akaliinua kidogo juu ya kichwa kwa shida kubwa, na uwanja mzima ukalia naye. Mwaka huo akawa bingwa wa dunia kwa mara ya tatu. Gari lake lile ndilo la mwisho lenye gia za kubadilishwa kwa mkono kuwahi kushinda ubingwa wa Formula One.

Moyo wake

Msomaji asidhani Senna alikuwa mtu wa kushinda tu. Alikuwa na sikio na mwili wa kutambua ugonjwa wa gari. Mwaka 1989 Honda walimwomba ajaribu gari lao jipya la fahari, NSX, kabla halijauzwa. Aliliendesha Suzuka, akawaambia wahandisi kuwa bodi yake haikuwa imara vya kutosha. Wakarudi wakaliimarisha.

Mwaka 1992 huko Spa, Ubelgiji, wakati wa mazoezi, dereva Mfaransa Erik Comas alipata ajali akazimia huku mguu wake ukiwa bado umekanyaga mafuta. Magari mengine yalipita. Senna alisimamisha gari lake, akatoka, akakimbia barabarani kwa miguu magari yakija, akaizima injini ya Comas isije ikawaka moto, kisha akakishikilia kichwa chake mpaka madaktari wakafika. Yule aliyemgonga mwenzake mwaka 1990 ndiye huyuhuyu. Binadamu hapimwi kwa siku moja.

Mwaka 1993 alishinda tena nyumbani Brazili. Mwaka 1994 akahamia Williams. Tarehe 30 Aprili, huko Imola, Italia, dereva mgeni kutoka Austria, Roland Ratzenberger, alifariki kwa ajali katika mbio za kufuzu. Senna alihuzunika mno. Kesho yake, tarehe 1 Mei 1994, katika mzunguko wa 7, akiwa anaongoza, gari lake liliacha barabara katika kona ya Tamburello likagonga ukuta. Alifariki siku hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 34. Ndani ya gari lake ilikutwa bendera ya Austria. Alikuwa amekusudia kuipeperusha kwa heshima ya Ratzenberger.

Serikali ya Brazili ilitangaza siku tatu za maombolezo, na umati mkubwa ulijipanga katika barabara za São Paulo kumsindikiza. Prost, mpinzani wake, alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza. Kwa jumla aliacha ushindi 41 na ubingwa 3. Lakini nadhani aliacha mawili makubwa zaidi. La kwanza, baada ya kifo chake magari na viwanja vilifanywa salama zaidi, hata miaka 20 ikapita kabla ya ajali nyingine iliyomwua dereva wa Formula One katika mashindano. La pili, alikuwa amemweleza dada yake Viviane kuwa anataka kuwasaidia watoto wa nchi yake. Viviane akaanzisha taasisi yenye jina la nduguye mwaka huohuo wa 1994, na imesaidia masomo ya watoto wengi sana wa Brazili.

Turudi gereji

Najua unataka kujua ya matatu ya baba. Fundi alimwaga oili ya giaboksi katika karai. Akachovya kidole, akanionyesha. Ilikuwa inametameta kama magamba ya samaki. Kumbe ule mmetameto ulikuwa unga wa chuma. Meno ya gia yalikuwa yakijila yenyewe. Tena akamgombeza baba, kwa heshima lakini, kuwa kule kuishikilia gia kwa mkono ndiko kulikozidi kuumiza vyuma vya ndani. Bei aliyoitaja ilimnyamazisha baba kwa muda mrefu.

Mimi, kwa ujinga wangu, na kwa kuwa nilikuwa nimetoka kuisikia ile hadithi ya picha, nilimuuliza baba kwa nini tusiendelee tu kwa wiki chache mpaka karo ipatikane. Kama Senna aliweza kwa gia moja, sisi tungeshindwa vipi na tatu? Baba hakukasirika. Aliniambia taratibu kuwa Senna alikuwa peke yake ndani ya gari lile, katika barabara iliyofungwa, na madaktari wanamngoja pembeni. Yeye hubeba watu 14, na kila mmoja ana mtu anayemngoja nyumbani. Kisha akampa fundi ufunguo.

Gari lililala gereji wiki mbili na nusu. Nilikwenda shule kwa miguu, nikachelewa paredi mara mbili, na wenye kumbukumbu nzuri watakumbuka kuwa nilirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo kwa siku nne. Siku hizo nne nilizitumia kusoma habari za Senna. Haya unayoyasoma ndiyo matunda yake.

Wenzangu wa Chama cha Kiswahili, nimejifunza kuwa ujasiri una sura mbili. Upo wa kukaza mikono na kuendelea hata gia zikikuisha, kama Senna siku ile ya Interlagos. Na upo wa kusimamisha gari, ukakubali hasara na aibu, kwa sababu si maisha yako peke yako yaliyo ndani. Wa kwanza hupigiwa makofi na uwanja mzima. Wa pili hakuna anayeushangilia, labda mtoto mmoja aliyekalia tairi. Mtihani wa kidato cha nne unatungoja mwakani. Gia zikianza kuruka, kila mmoja wetu na ajue ni ujasiri upi unaohitajika.

Leo asubuhi tulikipanda kile kilima kwa gia ya tatu. Mkono wa baba ulikuwa kwenye usukani, yote miwili.

Tamati.